Mwezi wa tatu si wa kupanda: kazi za bustani ya nyumbani kabla ya masika, Lamu na Malindi

Rasharasha za kwanza za mwezi wa tatu zina hila. Kaskazi imelegea, mawingu yamejikusanya, mvua imepiga usiku mmoja, na asubuhi kila mwenye kiwanja anatafuta mbegu. Mbegu zinaota siku ya nne au ya tano, kisha jua linarudi wiki mbili nzima na miche inakauka ikiwa na majani mawili tu. Masika yenyewe, huku kwetu, hukolea mwezi wa nne na kuzidi wa tano. Kabla ya hapo kazi ni ya udongo, maji na miti.

Kipimo ni rahisi. Siku moja baada ya mvua, chimba kwa panga hadi sentimita 20. Ukikuta unyevu juu na mchanga mkavu unaomiminika chini, ngoja. Unyevu ukifika mpaka chini, na ukifumbata mchanga unashikana hata ukifungua kiganja, panda.

Wakati unangoja, anza na mizizi ya msimu uliopita. Usikate mabaki ya bamia, nyanya na biringani juu kwa juu. Yang'oe uone chini. Mizizi iliyovimba vifundo vifundo ina minyoo fundo, na minyoo hiyo hupenda sana mchanga wenye joto, yaani ardhi yetu karibu yote ya ufukweni. Watu huona mmea umedumaa na kunyauka saa sita mchana, wakaongeza maji, wakaongeza samadi, kumbe mzizi haunyonyi. Usichanganye na kunde: vifundo vya kunde vimebandikwa pembeni mwa mzizi, vinabanduka kwa kucha, na ukivipasua ndani ni vyekundu au waridi. Hivyo ni vya kheri, viache. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki. Mizizi hiyo ichomwe, isiende kwenye mboji.

Dawa nafuu ya minyoo ni jua la kaskazi, nalo ni la bure. Sawazisha tuta, toa mawe na vijiti, mwagilia mpaka maji yashuke vizuri, kisha funika kwa nailoni angavu inayouzwa kwa mita. Ikaze igusane na udongo na ufukie kingo zote kwenye mtaro wa sentimita 15, maana upepo ukipata upenyo mmoja joto lote limepotea. Acha wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haifanyi kazi sawasawa, kwa sababu inalizuia jua juu badala ya kulipitisha lichemshe udongo. Anayeanza mwezi wa pili ndiye anayefaidi. Anayeanza katikati ya wa tatu atapata nusu ya faida mawingu yakiwahi. Ukishaifunua, usilime kwa kina. Joto linaua zaidi sentimita 15 au 20 za juu, na ukipindua udongo wa chini unawarudisha minyoo waliobaki.

Sasa samadi. Lamu haina shida ya samadi ya punda, lakini mbichi ni balaa. Punda hasagi vizuri mbegu za majani anayokula, kwa hiyo ukiitia mbichi bustanini umepanda magugu. Irundike kivulini, kimo cha mita moja angalau ili ipate joto, iloweshe iwe kama kitambaa kilichokamuliwa, na uipindue kila wiki mbili. Baada ya miezi miwili hadi mitatu haina joto, hainuki mkojo, na huwezi kutambua nyasi ndani yake. Rundo lako linapaswa kuwa la tangu mwisho wa mwaka. Kama huna, nunua iliyoiva kwa jirani na uanze rundo la vuli leo. Ukipindua, angalia mabuu manene meupe yaliyojikunja. Mengi huwa ni ya chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Hutaga kwenye samadi na magogo ya minazi yanayooza. Wape kuku, na gogo la mnazi lililolala nyuma ya nyumba lipasuliwe na kuchomwa.

Kipimo cha samadi iliyoiva ni debe moja la lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, ichanganywe na sentimita 15 za juu. Kwenye mchanga mtupu usiitie yote pamoja. Nusu itie sasa, nusu wiki ya nne au ya tano baada ya mimea kuota, kwa sababu mvua ya mwezi wa tano huzamisha chakula chini ya mizizi. Ya kuku ni kali, robo debe yatosha. Wenye udongo mzito wa mfinyanzi upande wa bara ya Malindi wana shida ya kinyume: maji yanatuama. Wao wainue matuta sentimita 20 hadi 30, na mpapai waupande juu ya kichuguu, maana mizizi yake ikikaa majini siku mbili mti umekwisha. Kwenye mchanga hakuna haja ya tuta la kuinua. Weka ukingo mdogo tu maji yasikimbie.

Makumbi ya nazi hushika maji vizuri kuliko kitu kingine chochote unachoweza kupata bure pwani, lakini jiulize yametoka wapi. Yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusuka kamba yamejaa chumvi. Hata ya kawaida yaloweke maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, usiku kucha na umwage maji hayo, mara mbili au tatu. Ya ufukweni mimi sishauri kabisa. Kuyaosha vya kutosha kunamaliza maji ambayo ungemwagilia.

Chumvi, kwa kweli, ndiyo habari kuu ya majira haya. Mwisho wa kaskazi visima vifupi vya karibu na bahari huzidi ukali. Onja maji yake: ukisikia chumvi ulimini, maharagwe, karoti na vitunguu havitakubali. Spinachi huvumilia zaidi, na mkomamanga pia. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi, kwa sababu kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni huacha chumvi yote pale pale penye mizizi. Maji yapite chini, sio juu ya majani. Tone la maji ya chumvi likikauka juani huunguza ncha.

Kwenye vyungu utaiona chumvi yenyewe: ukoko mweupe kwenye ukingo. Ukwangue, kisha mvua kubwa ya kwanza ikija toa vyungu vyote barazani vioshwe, na visahani vyake viondolewe. Kama una maji baridi ya kutosha, mimina taratibu ujazo wa chungu mara tatu na uache yachuruzike yote.

Kuna jambo jingine la nyumba za mawe ambalo watu hulidhania ugonjwa. Asumini au mndimu uliopandwa uani karibu na ukuta unatoa majani machanga ya manjano, mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni chokaa. Lipu inayobanduka na vifusi vya matumbawe huufanya udongo ushike madini ya chuma, mizizi isiyapate. Kuongeza samadi ya kuku hakuponyi. Chimba vifusi uvitoe, upana wa mita moja kuzunguka shina bila kukata mizizi minene, jaza samadi ya ng'ombe au punda iliyoiva pamoja na makumbi yaliyooshwa. Majani ya zamani hayarudi kijani, tazama yanayochipuka. Na fundi akija kupiga lipu, mwambie mapema mahali pa kukorogea chokaa. Pahala rahisi kwake daima ni bustanini.

Kwa asumini hiyo hiyo, kata theluthi moja ya matawi sasa. Maua hutoka kwenye vichipukizi vipya, na usipokata utapata kichaka kirefu chenye maua ya vikuba viwili tu, vile vishada vya kunukia, kwa wiki. Mwembe ukishamaliza kuvunwa, toa matawi makavu na yanayosuguana, ukipangusa msumeno kwa spiriti kati ya mti na mti. Mndimu wa kubandika, ng'oa machipukizi yote yanayotoka chini ya kiungo. Minazi iliyo juu ya paa au njia iangushwe makuti makavu na nazi kabla kusi haijaingia.

Mifereji ya paa isafishwe kabla ya mvua, siyo siku ya mvua. Paa la mita 5 kwa 6 likipata milimita 20 hutoa lita 600. Toa zinazomwagika, hukosi lita 480, sawa na mitungi 24 ya lita 20. Maji ya mvua ya kwanza yaache yaoshe paa. Pipa lifunikwe kwa wavu au kitambaa kilichokazwa, maana mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi ya nyumbani.

Mvua ikishatulia ndipo mbegu. Kunde sentimita 3 chini, mistari iachane nusu mita. Bamia ziloweke usiku mmoja. Mchicha uchanganye na mchanga mkavu usirundikane, ufunike kidogo tu, na uchungulie sisimizi: wanabeba mbegu zote kabla hazijaota. Konokono wakubwa wakianza, waokote alfajiri kwa glavu. Jivu halisaidii likilowa. Kwa vidukari, twanga gramu 50 za kokwa za mwarobaini kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, na upulize jioni ya siku hiyo. Jua huua nguvu yake.

Nyanya acha. Ukungu wa majani na mnyauko wa mwezi wa tano huzimaliza zikiwa na matunda mabichi. Sia mbegu kitaluni mwisho wa mwezi wa sita, hamisha miche wa saba. Asiyeweza kungoja achague nyanya ndogo ndogo, azipande chini ya kipaa cha nailoni kilicho wazi pembeni, na akate majani yote ya sentimita 30 za chini ili matone ya udongo yasiyafikie.