Kabla ya kompyuta, kata mche wa sabuni: ushauri kwa anayejifunza uchoraji wa kiufundi

Vijana wanaosomea ufundi huniuliza swali moja: nianze na programu gani ya kuchorea? Jibu langu ni hili: anza na kisu na mche wa sabuni ya kufulia.

Nimefundisha wengi wanaochora mstari safi kwa penseli ngumu ya 2H, herufi zao zimenyooka, karatasi haina doa. Ukiwapa mwonekano wa kitu kwa mbele na kwa juu, ukawaambia watafute wa upande, wanakwama. Mkono umefundishwa, jicho bado.

Jaribu hili leo. Chora miraba miwili inayolingana, mmoja juu ya mwenzake. Wa juu ni mwonekano wa mbele wa kitu fulani, wa chini ni mwonekano wake ukikitazama kutoka juu. Ni kitu gani? Karibu kila mtu atasema mchemraba. Sasa kata kipande cha sabuni kiwe mchemraba kweli, halafu kipasue kimshazari, kuanzia ukingo wa juu wa nyuma hadi ukingo wa chini wa mbele. Chukua kabari iliyobaki na sehemu ya nyuma na ya chini. Itazame kwa mbele: mraba. Itazame kutoka juu: mraba. Kata kingine, na badala ya mshazari ulionyooka fuata mpindo wa robo ya duara. Bado ni miraba ileile miwili. Mwonekano wa upande ndio utakaokuambia umeshika kipi kati ya hivyo vitatu. Ukishaona hilo kwa macho yako, hutauliza tena kwa nini mwalimu anadai mionekano mitatu. Endelea hivyo: chukua maswali ya mitihani ya nyuma, kata umbo kwanza, chora baadaye. Sabuni haipotei, utaifulia.

Jambo la pili ni mpangilio wa mionekano. Kuna mipangilio miwili. Katika festi engo (first angle), mwonekano wa juu unakaa chini ya ule wa mbele, na wa upande wa kushoto unachorwa kulia. Katika thadi engo (third angle), kila mwonekano unakaa upande uleule ulikotazamia. Ulaya hutumia zaidi festi engo, Marekani thadi engo, na michoro ya mashine zinazoingia kwetu huja kwa namna zote mbili. Kwa hiyo ile alama ndogo ya koni iliyokatwa kichwa, kwenye kisanduku cha maelezo, inayoonyesha umetumia mpangilio upi, usiiache kamwe. Fikiria brakiti (kipande cha chuma cha kushikilia kitu) yenye tundu upande mmoja: fundi akiusoma mchoro kwa mpangilio usio wake, anaweza kukutengenezea ya upande wa kinyume, imepimwa vizuri kabisa na haifungiki popote. (Elimu hii ya mionekano ina heshima yake. Mwanahisabati Gaspard Monge alipobuni misingi yake karne ya 18 katika shule ya kijeshi ya Mézières, Ufaransa, jeshi liliifanya siri kwa miaka mingi.)

Kwenye vipimo nawasihi muwe wakali. Chukua bamba lenye matundu matano kwenye mstari mmoja. Ukipima tundu la kwanza kutoka ukingoni, la pili kutoka la kwanza, la tatu kutoka la pili, na kila kipimo kinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa milimita 0.1, tundu la tano linaweza kukosea kwa milimita 0.5 bila fundi kuvunja agizo lako hata moja. Boliti haipiti hapo. Pima yote kutoka ukingo mmoja na tatizo linakwisha. Pia usiandike kipimo kimoja mara mbili. Siku ukibadilisha mahali pamoja ukasahau pengine, mchoro utakuwa na maagizo mawili.

Ukipata nafasi, peleka mchoro wako kwa mkereza vyuma. Kwa walioko Dar es Salaam, karakana za Gerezani zinatosha. Mpe karatasi, kisha nyamaza. Akiuliza "hili tundu linapita hadi upande wa pili?", umesahau mistari ya vipande vipande inayoonyesha sehemu zilizofichika, au mkato, yaani mchoro wa kitu kana kwamba kimepasuliwa. Akiuliza "unene ni ngapi?", kuna kipimo hukukiweka. Andika kila swali pembeni ya mchoro. Sijaona masahihisho ya darasani yanayofundisha haraka kiasi hicho.

Kompyuta ije baada ya hapo. FreeCAD ni ya bure na inatosha kabisa kwa mwanafunzi: unajenga umbo, programu inakutolea mionekano yenyewe. Kabla hujachapisha karatasi ya kwanza, ingia kwenye mipangilio uhakikishe imewekwa festi engo au thadi engo, na kwamba alama ya koni inalingana na ulichochagua.