Kabla ya kuomba hadithi, taja wewe ni wa nani

Nilipokwenda mara ya kwanza kusikiliza wazee wasemao Kigaeli kisiwani South Uist, magharibi mwa Uskoti, nilikwenda kwa pupa. Nilikuwa na kinasa sauti na daftari lililojaa maswali. Mwenyeji wangu hakujibu hata moja. Akaniuliza yeye: “Cò leis thu?” Yaani, wewe ni wa nani? Nikamtajia jina langu na masomo yangu. Hakuyataka hayo. Nilipoanza kumhesabia baba, babu na baba wa babu, na kijiji walikozikwa, ndipo alipovuta kiti karibu na moto.

Nyinyi mnaoanza sasa kukusanya hadithi za wazee, anzeni hapo. Seanchaidh, au seanchaí kama waandikavyo Waayalandi, ndiye mtunza nasaba. Huko Ayalandi, ngano ndefu za mashujaa zilikuwa hasa kazi ya mtu mwingine, sgéalaí. Seanchaí alishika habari za watu na mahali: nani alioa wapi, ugomvi wa mpaka ulianzaje, jabali lile liliitwaje na kwa nini. Ukimwendea ukitaka majitu na wachawi peke yake, utarudi na robo ya alichonacho.

Kwa hiyo jifunzeni sloinneadh, namna ya kutaja ukoo. Iain Dhòmhnaill Alasdair ni Iain wa Dòmhnall wa Alasdair, sawa na “bin” yetu. Mwaka 1249, Alexander III aliposimikwa ufalme wa Uskoti huko Scone akiwa mtoto wa miaka 7, mzee wa nyanda za juu alijitokeza akamsomea nasaba yake kwa Kigaeli, jina baada ya jina. Ufalme ulihitaji ulimi wa mzee huyo.

Jambo la pili ni isnadi. Seanchaidh mzuri husema alisikia kwa nani, na huyo alisikia kwa nani. Mimi miezi yangu ya mwanzo nilikuwa nikikata sehemu hiyo ninaponakili, nikidhani ni maneno ya kupasha koo joto. Hasara ile bado inaniuma. Andikeni kila jina.

Msiamini pia kwamba karatasi hudumu kuliko kumbukumbu. Ukoo wa MacMhuirich ulikuwa wa washairi na wanahistoria wa machifu wa Clanranald, ukoo mwingine wa Kigaeli, kwa vizazi vingi. Mwaka 1800, Lachlan MacMhuirich, ambaye hakujua kuandika, alitoa ushahidi kwamba yeye ni kizazi cha 18 kutoka kwa Muireadhach, babu mwasisi wa ukoo wao, na kwamba baadhi ya ngozi zilizoandikwa na wazee wake aliziona zikikatwa na mafundi cherehani kuwa vipimo vya nguo. Nasaba ilibaki kichwani mwake. Na huko Ayalandi, wakusanyaji wa Tume ya Ngano iliyoundwa mwaka 1935 walirekodi kwenye silinda za nta, wakanakili, kisha nta ikakwanguliwa itumike tena. Maneno tunayo, sauti nyingi zimekwenda.

Zilizosalia zithaminini. Calum Maclean alianza kurekodi kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1951, na rekodi nyingi za chuo hicho zinasikilizwa bure kwenye tovuti ya Tobar an Dualchais. Sikilizeni moja mara tatu kabla ya kushika kalamu. Pale mzee anapopunguza kasi, mara nyingi ndipo jina la mtu linapokuja.

Na msiende mikono mitupu. Wagaeli wana msemo: hadithi ya kwanza ni ya mwenye nyumba, na za mpaka alfajiri ni za mgeni. Usiku ule zamu yangu ilipofika nilisimulia ya sungura na kisima cha wanyama. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kimya. Kisha akaniuliza niliisikia kwa nani. Kwa bibi yangu, nikasema. Naye?