Saratani ya mapafu hatua ya nne na safari ya India: sampuli itangulie, mgonjwa afuate

Pole sana dada kwa mzee. Nimelisoma swali lako mara mbili: mzee ana miaka 61, majibu yametoka saratani ya pafu hatua ya nne, daktari hapa Dar kawaambia muanze Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, ila wajomba wanasema kumwacha hapa ni kumtupa, na wakala ameshawatumia kadirio la dola 9,000 za matibabu Chennai, India, anataka nusu ilipwe wiki hii. Umeuliza kama kuna aliyepita njia hiyo. Mi nimepita na mamdogo wangu, ndo aliyenilea. Ntaandika kirefu kidogo unisamehe, sisi wakati wetu hatukumpata wa kutuambia.

Mamdogo alikuwa anakaanga maandazi na vitumbua Mbeya kwa miaka zaidi ya 20, kuni kila asubuhi, sigara hajawahi kuishika maishani. Katikati ya 2022 akaanza kukohoa. Eksirei ikaonyesha kivuli, makohozi yakapimwa TB hakuna kitu, lakini akaanzishiwa dawa za TB hivohivo na akazimeza miezi minne huku kilo zinaondoka na sauti inakauka. Novemba tukamleta Dar, wakamtoa maji pembeni ya pafu karibu lita moja na nusu, wakachukua kinyama cha kupima, majibu yakaja adenokasinoma, aina moja ya saratani ya pafu, na imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Tukaitana kwenye grupu la ukoo, michango ikaanza, mjomba akauza kiwanja cha Uyole, Januari 2023 tukapanda ndege. Hakuna aliyeuliza tunaenda kufanyiwa nini hasa. Tulikuwa tunaenda India, basi, kwetu hilo lilikuwa jibu.

Sasa sikiliza hapa maana ndo sababu ya mimi kuandika. Sisi tulibeba makaratasi, sidii ya sitiskani na begi la unga. Hatukubeba bloku. Bloku ni kile kinyama walichomkata mgonjwa, kinahifadhiwa kwenye kipande kidogo cha nta, na maabara iliyotoa majibu huwa inakitunza. Siku ya kwanza kule daktari, mama mmoja mtu mzima mpole sana, akasoma karatasi yetu hadi mwisho akauliza bloku iko wapi. Tukabaki tunaangaliana. Akasema bila hiyo nyama hawezi kujua ampe dawa gani, kwa hiyo kuna mawili, wamchome tena sindano ya mgongoni wachukue kinyama kingine kwenye mapafu ambayo tayari yana shida, au tuiagize ile ya Dar. Tukaagiza. Dada yangu akawa anashinda maabara, mara leta barua, mara aliyesaini hayupo, mara watu wa vifurushi wanataka karatasi inayoeleza kilichomo, ikachukua siku 16 kufika. Kipimo chenyewe kikachukua siku 9 nyingine. Siku 25 mamdogo amekaa chumba cha loji anaangalia feni, tunalipa kila usiku, na nyama iliyokuwa inasubiriwa ilikuwa Dar muda wote. Angeweza kusubiri majibu yale Mbeya, kitandani kwake, anakula ndizi zake.

Kipimo chenyewe kinatafuta hitilafu kwenye vinasaba vya uvimbe. Saratani nyingi za mapafu, kama 85 kwa kila 100, ni za ule mkumbo unaoitwa usio wa seli ndogo, na ndani ya huo kuna wagonjwa ambao uvimbe wao unaendeshwa na kasoro moja maalumu, zile za EGFR, ALK, ROS1. Ukikutwa na mojawapo kuna vidonge vinavyolenga kasoro hiyohiyo, unameza nyumbani, wala sio kemo, zile dripu kali za kuua seli za saratani. Isipokutwa wanaangalia kitu kinaitwa PD-L1 kuona kama zile dripu za kuamsha kinga zinaweza kusaidia, au kemo ya kawaida, au vyote pamoja. EGFR huwa inaonekana zaidi kwa ambao hawakuvuta sigara ila hata aliyevuta apimwe tu, usikubali mtu akwambie mzee alikuwa mvutaji basi hakuna haja.

Mamdogo akakutwa na EGFR. Wakamwandikia gefitinib miligramu 250, kidonge kimoja kwa siku. Dada, wiki ya tatu kikohozi kilichomnyima usingizi miezi saba kilikuwa kimetulia, analala chali. Nililia kwenye korido. Halafu nikakaa nikapiga hesabu, kiwanja, michango, miezi miwili nje, na tulichorudi nacho ni jibu la maabara na kidonge. Bloku unaweza kuituma peke yake kwenda Nairobi, Afrika Kusini au hukohuko India, na majibu yakarudi kwa daktari wako wa Ocean Road kwa barua pepe.

Sisemi msiende. Kuna watu wamekwenda wakapata ambacho hapa wasingepata, mfano zile dripu za kuamsha kinga au mionzi ya kulenga doa moja la kichwani. Lakini nendeni mkijua mnafuata nini, na ajue daktari wa hapa pia maana ndo atakayebaki na mzee. Hata hospitali za kule ukiwatumia karatasi, sidii na majibu ya vinasaba mapema, daktari wao anaweza kuongea na nyie kwa video kabla hamjatoa hata shilingi ya tiketi. Huyo wakala mwambie akupe daktari muongee. Na lile kadirio lisome mstari kwa mstari. La kwetu liliandikwa upasuaji wa kutoa pafu, wakati ugonjwa uko kwenye mifupa! Hatua ya nne kwa kawaida hawakimbilii kukata pafu, na yule mama daktari alipoliona akatikisa kichwa tu akalikunja. Wakala wetu tulikuja kujua baadaye kwamba analipwa na hospitali kwa kila mgonjwa anayempeleka. Sijui wa kwenu analipwa na nani, muulize waziwazi. Anayekuharakisha ulipe wiki hii wakati hajaona hata majibu ya vinasaba mi ningemweka pembeni.

Jambo lingine muangalie mzee mwenyewe, msiangalie ukoo utasema nini. Anatembea? Anaoga mwenyewe? Au anashinda kitandani zaidi ya nusu ya siku? Kwenye loji yetu alikuwepo kijana wa Zanzibar kamleta baba yake kwa kiti cha magurudumu, mzee hawezi kusimama, madaktari wakasema kemo itammaliza kabla ya ugonjwa. Walikaa siku 11 mzee akafariki hukohuko. Nilimsindikiza yule kijana kwenye kuhangaikia karatasi za kusafirisha mwili, ubalozi, cheti, sanduku, ndege, na muda wote alikuwa anarudia kwamba baba aliomba arudishwe nyumbani tangu siku ya pili. Vidonge vya kulenga wakati mwingine wanampa hata mgonjwa aliyedhoofu sana, ndo maana narudia kipimo kwanza. Ila kemo ya dripu inataka mtu mwenye nguvu kidogo.

Kama mtaamua kwenda, ndege isiwe jambo dogo kwenu. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu ni kama umepanda mlima wa mita 2,400 hivi, juu kuliko Njombe mjini, sasa mtu mwenye pafu moja linalofanya kazi anaisikia hiyo. Kama ana maji yatolewe kabla, na daktari aseme kwa maandishi kwamba anafaa kusafiri. Akihitaji oksijeni, shirika la ndege lina fomu ya mgonjwa inayojazwa na daktari siku kadhaa kabla, mtungi wa kwako hawaupokei. Miguu ainyooshe na ainuke kila baada ya muda kwa sababu wagonjwa wa saratani damu huganda haraka. Sisi tulishukia Mumbai ndo tukaunganisha Chennai, na ujue uhamiaji na mabegi yote unamaliza hapo Mumbai kabla ya ndege ya ndani, kwa mgonjwa ni mateso, ombeni kiti cha magurudumu hata kama anatembea. Viza ni ya matibabu, ile ya mtandaoni inakupa siku 60 na wasindikizaji wawili na wao wana viza yao. Msiende kwa viza ya utalii hata wakala akisema haina shida. Kadi ya homa ya manjano wanaiangalia kwelikweli, chanjo iwe imefikisha siku 10. Loji tafuteni yenye jiko, mgonjwa wa kemo akikataa ule wali wa pilipili utashukuru una unga na dagaa.

Kuna kitu cha mkalimani nacho sijakisahau. Hospitali walitupa kijana anayejua Kiswahili, mzuri tu, mchangamfu. Siku ya majibu daktari akaeleza kwa Kiingereza kwamba ugonjwa huu hawawezi kuuondoa wote, wanaweza kuushikilia kwa muda, na muda huo hauwezi kusemwa kwa hakika. Kijana akamgeukia mamdogo akamwambia "daktari anasema utapona taratibu usiwe na wasiwasi." Mi naelewa Kiingereza, na nilinyamaza. Usiku mamdogo akaniambia, "Mwanangu, yule mama kaongea maneno mengi, yule kijana kanipa machache. Mengine yako wapi?" Nikamwambia yote. Akakaa kimya muda mrefu halafu akauliza kama ataifikia kipaimara ya mjukuu wake mwaka unaofuata. Asubuhi akamuuliza daktari mwenyewe, na daktari akamjibu kwa upole kwamba kwa kidonge hiki ana matumaini hayo. Kuanzia hapo maamuzi yakawa ya kwake, tukarudi kwa sababu yeye alisema turudi. Kwa hiyo mzee wenu ajue anaumwa nini kabla hajapanda ndege. Najua wajomba watakataa. Ye ndo mwenye mwili.

Na pesa msimalize kwenye safari! Hapa ndo familia nyingi zinaanguka. Dawa hizi humezi mwezi mmoja ukaacha, unameza mpaka zitakapoacha kufanya kazi. Gefitinib inayotengenezwa viwanda vya India bei yake ilikuwa inabebeka, tukagawana watoto na wapwa kila mwezi. Baada ya kurudi alikuwa anahudhuria Ocean Road kwa vipimo na dawa za mifupa na walimhudumia vizuri, morfini ya kunywa pia alipata pale maumivu ya mgongo yalipozidi, msiiogope hiyo dawa. Vipele usoni na kuharisha vilikuwepo, vikatulizwa. Kuna mwezi mtu wa duka la dawa alimpa omeprazole za kiungulia na akawa anazimeza kila siku, daktari alipojua akazisimamisha haraka kwa sababu zinapunguza gefitinib kuingia mwilini. Kila dawa mpya, hata ya tumbo, muulizeni daktari wa saratani.

Alikula kidonge kile miezi 14. Machi 2024 kikohozi kikarudi, na safari hii hatukupanda ndege. Ilichukuliwa damu tu ikatumwa, ikaonyesha ule usugu unaoitwa T790M ambao huwapata wengi wanaotumia vidonge hivi vya mwanzo, tukaongea na yule mama daktari kwa video, daktari wetu wa Dar akiwepo kwenye simu hiyohiyo, akahamishiwa kidonge kingine, osimertinib. Ile ni ghali, sikufichi, kuna miezi tulikopa. Kipaimara alihudhuria, alikaa mstari wa pili kanisani na kitenge kipya. Alifariki Aprili 2025 Mbeya, chumbani kwake, na dada zake wote wamemzunguka.

Kwa hiyo dada kabla hamjamjibu wakala, kesho asubuhi nenda ile maabara iliyotoa majibu ya kinyama, beba barua ya daktari na nakala ya kitambulisho cha mzee, omba bloku pamoja na ripoti yake, usikubali kupewa slaidi peke yake, yaani kile kioo chenye kipande chembamba cha nyama. Waulize kama nyama iliyobaki inatosha kipimo cha vinasaba, maana wakati mwingine haitoshi na mkijua mapema kinyama kingine kinachukuliwa hapahapa. Halafu rudi na ripoti kwa daktari wa Ocean Road mumuulize anatuma wapi kwa kawaida. Na ukishaipata usiiache kwenye gari wakati umesimama foleni benki, jua la Dar linalainisha ile nta.