Keria ya baiskeli juu ya paa: usiniulize geji (unene wa chuma) kwanza

SWALI: Fundi, nilinunua Hiace iliyokuwa ya kubeba watalii, lile paa lake la kunyanyuka likiwa bado lipo. Nimeweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Sasa nataka kujiundia keria ya baiskeli nne juu ya paa, tuwe tunaenda na watoto mbuga ya Hell's Gate. Jamaa anayeniuzia vyuma ananishauri skwea tyubu (bomba la chuma la pembe nne) ya inchi moja na nusu, unene wa milimita 3, nikaze kwa skrubu za bati na kuziba kwa silikoni. Anasema gari lililozoea watu wanane na masanduku yao haliwezi kuhisi baiskeli nne. Je, milimita 3 zinatosha au niende 4? — Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu yangu, milimita 3 ni nyingi kupita kiasi, na hata ukienda 4 keria itang'oka vilevile. Itang'oka ikiwa nzima kabisa, haijapinda wala kukatika mahali, kwa sababu kitakachoachia ni gari lako.

Kuna mguu wa keria nimeuweka kwenye rafu karakana kwangu, naonyesha kila anayekuja na swali kama lako. Mwenyewe aliuokota barabarani pamoja na baiskeli iliyopinda kama namba nane. Boliti zake nne zimekaza mpaka leo. Kwenye kila washa, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya boliti, kumebaki duara la bati la paa, jeupe, rangi na yote. Fundi aliyeifunga alisifiwa kwa uchomeleaji, na kweli alichomelea vizuri. Kosa lake ni kwamba hakuwahi kujiuliza ameifunga kwenye nini.

Bati la paa la gari halifiki milimita moja. Skrubu ya bati ikiingia hapo inashikwa na uzi mmoja tu, pengine hata huo haujatimia. Silikoni inazuia maji kwa msimu mmoja wa mvua, haishiki mzigo. Na anayekwambia basi uchomelee miguu moja kwa moja kwenye paa, mwogope zaidi: fimbo ya kuchomelea inatoboa bati hilo kama karatasi, sponji ya dari inashika moto, na pale rangi ilipoungua kwa ndani kutu inaanza mahali ambapo huwezi kuiona.

Halafu hili la "haliwezi kuhisi". Watu wale wanane walikaa kwenye sakafu, na sakafu iko juu ya chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari. Baiskeli nne za kilo 15 ni kilo 60, sawa. Mita 20 za hiyo tyubu uliyoshauriwa zinakaribia kilo 70, yaani chuma kimeshaipita baiskeli kwa uzito. Hapo una kilo 130 juu ya paa, na magari mengi kitabu chake kinaruhusu kati ya kilo 50 na 100, keria ikiwamo. Anayekuuzia chuma kwa uzito atakushauri nini kingine?

Mizani yenyewe inakwambia robo tu ya habari. Ukikanyaga breki kali, mzigo wa kilo 130 unasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia kilo 100. Baiskeli iliyosimama ina kimo cha mita moja hivi, kwa hiyo inafanya kazi ya mtaimbo: miguu ya mbele inakandamizwa, ya nyuma inavutwa juu. Upepo nao ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu yake haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ongeza lori linalokupita pale Gilgil, na matuta. Kusimama juu ya paa gari likiwa limeegeshwa, ukarukaruka na kusema "ona, linashika", hakupimi lolote kati ya haya.

Kwako kuna balaa la ziada. Paa la kunyanyuka ni kifuniko. Ili liwekwe, bati la awali lilikatwa katikati pamoja na mbavu zake, na kifuniko kinashikwa na vikono vya kukunja na komeo ambazo mtoto anazifungua kwa mkono mmoja. Keria yako yote ingekuwa imening'inia kwenye komeo hizo. Kwa hiyo juu ya kifuniko hapana, kwa geji yoyote.

Peleka baiskeli nyuma, kwenye ndoano ya kuvutia trela iliyofungwa kwa boliti kwenye chesisi. Mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu, basi keria iwe ya kuzungusha pembeni, na isifunike taa wala namba ya gari. Za watoto zitoe gurudumu la mbele uzilaze chini ya kitanda.

Mwenye paa zima lisilokatwa ana njia: mfereji wa mvua unaopita pembeni mwa paa, pale mabati yanapoungana. Klampu sita, tatu kila upande, tyubu ya inchi moja ya milimita 1.5 ambayo ni kama kilo moja kwa mita, boliti ngumu zenye alama 8.8, nati zenye pete ya nailoni zisilegee, na kukaza tena baada ya kilomita 50 za kwanza. Baiskeli zifungwe kwa mikanda ya racheti. Usitumie mipira ya tyubu za baiskeli, jua linaila.

Naandika haya kwa ukali kwa sababu si baiskeli tu. Siku hizi naletewa hema za juu ya gari, matangi ya maji, sola, hata jenereta, vyote vimekazwa kwenye bati kwa sababu mtu ameona video ya dakika moja. Video haionyeshi gari lile miezi sita baadaye. Mwezi uliopita niliivua dari ya gari moja la namna hiyo, maji ya kutu yakanimwagikia kifuani. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni, ananiuliza kama akiongeza skrubu nne itatosha.