Mwana-Kondoo Aliyekatwa Mkia

Toleo lililopita niliwauliza swali moja tu: nyumba ikishika moto na una nafasi ya kunyakua albamu moja ya Genesis, utatoka na ipi? Na ipi utaiacha iungue? Nilitegemea barua tatu. Mhariri amenipa bahasha nzima, na nusu yake ni watu wanaotukanana kupitia kwangu. Kwa mgeni wa safu hii: Genesis ni bendi ya Uingereza, vijana waliokutana shule ya bweni ya Charterhouse na kuanza bendi mwaka 1967. Walipiga ile roki inayoitwa progresivu, yenye nyimbo ndefu kama safari ya treni ya mizigo, inasimama, inabadilisha njia, inaondoka tena. Mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda hapa Tororo, Uganda, kuanzia 1989, kwa hiyo najibu kama fundi wa deki. Maprofesa wa muziki wana magazeti yao.

SWALI: Mzee Fundi, salaam. Mimi na shemeji yangu tunakaa nyumba za kupakana hapa Walukuba, na wiki ya tatu sasa hatusemezani. Yeye anasema Genesis ilikufa 1975 Peter Gabriel alipoondoka, na yote yaliyofuata ni matangazo ya sabuni. Mimi nilianza na *Invisible Touch* na sioni haya. Tupatanishe. – *Mwenye Upara, Jinja*

JIBU: Banange, wiki tatu! Mpelekee shemeji chai kwanza, halafu msome hili pamoja.

Shemeji ana nusu ya haki. Gabriel alikuwa mtu wa ajabu jukwaani. Mwaka 1972, kule Dublin, alitokea amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, bila kuwaambia wenzake, na tangu siku hiyo watu wakawa wanakuja kuangalia na kusikiliza. Mtu kama huyo akiondoka, lazima uone pengo. Lakini muulize shemeji kama amewahi kukaa chini na *A Trick of the Tail*, iliyotoka Februari 1976. Bendi ilijaribu waimbaji wengi, hakuna aliyewatosha, mwishowe mpiga ngoma wao, Phil Collins, akaimba mwenyewe. Sikiliza "Ripples", kisha uniambie maiti gani huyo anayeimba vile. Mimi nikiulizwa msiba ulikuwa lini, nasema 1977, alipoondoka mpiga gitaa Steve Hackett. Hata wenyewe walijua, maana albamu ya 1978 waliipa jina la kujihesabu, *...And Then There Were Three...*: wamebaki watatu.

Sasa wewe mwenye upara. Usione haya, karibu wote wa huku tuliingia nyumba ya Genesis kwa mlango wa jikoni. Redio ilitupa Collins wa peke yake kwanza, ndipo tukagundua ana ndugu. Nilikuwa na mteja, dereva wa lori la Malaba, aliyeniuliza kwa dhati kabisa, "Fundi, hawa Genesis ndio bendi inayompigia Phil Collins?" Sikumcheka. Mimi mwenyewe *Invisible Touch* ndiyo iliyonivuta. Ilitoka 1986, mwaka ambao Januari tulipata serikali mpya, na watu walikuwa na hamu ya kucheza kitu chochote kisicho na mlio wa bunduki. Shemeji asikudanganye kuwa ni sabuni tupu: "Domino" ina zaidi ya dakika kumi, "Tonight, Tonight, Tonight" inakaribia tisa, na zote mbili zina giza la kutosha. Ila "In Too Deep", samahani, ni chai yenye vijiko sita vya sukari. Nikiwa narekodi nilikuwa nakwenda kununua muhogo wimbo huo ukipita.

Kuhusu moto: ningeiacha iungue, lakini ningeisikitikia.

SWALI: Nafundisha kwaya Mbale. Kijana wangu mmoja ameniletea jina la bendi hii. Nianze na albamu ipi, nisipoteze muda? – *Mwalimu wa Kwaya*

JIBU: Mwalimu, hiyo ndiyo ya kutoka nayo motoni: *Selling England by the Pound*, 1973.

Wewe ni mtu wa kwaya, kwa hiyo usianze na maneno. Anza na "Firth of Fifth". Tony Banks anafungua kwa piano peke yake, vidole vinakimbia na mapigo hayakubali kugawanyika kwa nne hata ukiwalazimisha. Unafikiri umempata, ameshahama. Halafu wanaimba kidogo, na katikati Gabriel anapuliza filimbi, sauti tupu kama mtu aliye peke yake bondeni. Ikae kichwani sauti hiyo ya filimbi. Baadaye Hackett anaichukua ileile na kuipiga kwa gitaa la umeme, polepole, noti moja anaivuta mpaka unajisahau kupumua. Ni wimbo ule ule, umekua na kupata mwili. Nilikuwa nikirekodi sehemu hiyo nafunga mlango wa kibanda wateja wasiniite.

Kisha nenda "The Cinema Show", nusu ya mwisho. Piga meza kwa vidole, hesabu hadi saba badala ya nane, halafu anza upya. Moja-mbili, tatu-nne, tano-sita-saba. Mara ya kwanza utajikwaa. Ya kumi mwili unazoea, na kinanda cha Banks kinapanda juu ya hizo saba kana kwamba Mungu ndiye aliyeziumba hivyo. Wape wanakwaya wako zoezi hilo, halafu uniandikie nani alilia.

Kasoro ipo moja, nayo ni ndefu: "The Battle of Epping Forest", dakika karibu kumi na mbili za magenge mawili ya London yanayopigana msituni. Muziki wake mzuri, lakini Gabriel amejaza maneno kama kondakta wa stendi anayeita Iganga-Jinja-Kampala na gari limeshajaa. Hakuna pa kuweka mguu. Ruka, urudi siku nyingine ukiwa na subira.

Kijana akikuomba nyingine, mpe *Foxtrot* ya 1972. Upande wa pili karibu wote ni wimbo mmoja, "Supper's Ready", dakika kama ishirini na tatu. Asiusikilize vipande-vipande kwenye simu. Kama hana dakika ishirini na tatu, asubiri Jumapili.

SWALI: Mbaya kuliko zote ni *Calling All Stations*. Sema ndiyo, tumalize. – *Boda wa Soroti*

JIBU: Hapana.

Najua ndiyo jibu la kila kijiwe. Collins ameshaondoka, wamemleta Ray Wilson kutoka Scotland, albamu imetoka 1997, watu wameikataa, ziara ya Marekani ikafutwa. Lakini sauti ya Wilson ni nzuri, ina mchanga ndani yake. Shida yake alipewa nyimbo zisizopinda kona. Nilimwonea huruma kama mtu aliyeolewa kwenye nyumba ambayo mashemeji wote bado wanamtaja mke wa kwanza.

Mbaya kwangu ni ya kwanza kabisa, *From Genesis to Revelation*, 1969. Walikuwa watoto wa shule bado, mtayarishaji wao akawamwagia ala za nyuzi juu ya kila wimbo mpaka huwasikii. Ni kama ile picha ya kitambulisho cha shule, kosa haina, ila si wewe. Na jalada jeusi lenye maandishi ya dhahabu, jina linaloanza Mwanzo na kuishia Ufunuo: kule kwao maduka mengine yaliiweka pamoja na santuri za dini. Msicheke Waingereza. Katekista mmoja alipita kibandani kwangu, akaona nimeandika GENESIS kwa herufi kubwa kwenye mgongo wa kanda, akaomba nimrekodie kwa ajili ya vijana wa parokia. Nilimwambia, Baba, hii si ile. Akasema Neno ni Neno. Nikamrekodia. Kwa bahati mbaya nilimpa *Trespass*, ambayo inafungwa na "The Knife", wimbo unaotaka watu waingie barabarani na silaha. Alirudi siku ya tatu, akaweka kanda juu ya meza, hakunisalimia.

Na *Abacab* ya 1981? Ina "Who Dunnit?" ndani yake. Sitaki kuizungumzia, nimetoka kula.

SWALI: Fundi, mimi nataja ile wanayoisifu wote: *The Lamb Lies Down on Broadway*. Albamu mbili nzima za hadithi ya kijana wa New York anayeitwa Rael, unamfuata mapangoni, unamfuata kwa wale viumbe wenye vinundu, anajitupa mtoni kumwokoa ndugu yake, na ukifika mwisho hakuna mwisho! Wimbo wa kufunga unaanza vizuri, una kasi, halafu unazimika kama chemli iliyoishiwa mafuta. Ndiyo maana Gabriel aliondoka, aliona aibu. Kanda yangu niliinunua Tororo, 1991, kibanda cha karibu na reli, rangi ya bluu. Bado ninayo. – *Mteja wa Zamani, Busia*

JIBU: Ndugu yangu wa Busia, barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kukaa nje.

Kibanda cha bluu kilikuwa changu.

Nikueleze ilivyokuwa. Mimi ni mtoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa fundi wa injini za treni tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki, na nikiwa mdogo nilipenda vitu vinavyozunguka. Mwalimu mmoja Mwingereza, aliyefundisha sekondari ya jirani, alipomaliza mkataba aliniuzia sanduku la santuri, na *The Lamb*, yaani huyo Mwana-Kondoo, ilikuwamo, sahani mbili, jalada lenye picha nyeusi na nyeupe. Ile albamu ya 1974 ina dakika 94. Kanda ndefu niliyoweza kuiuza ilikuwa C90, dakika arobaini na tano kila upande, pamoja na sekunde kadhaa za ziada alizokuachia mwenye kiwanda. Unaona hesabu ilivyo? Sahani ya kwanza ilibanwa ikaenea upande A. Ya pili ina karibu dakika arobaini na tisa. Haiingii.

Fundi mwaminifu angemwambia mteja anunue kanda mbili. Mimi nilikuwa na kodi ya kibanda, na mteja wa *The Lamb* alipatikana mara moja kwa miezi miwili. Kwa hiyo nilifanya hivi. Rael akishatoka mtoni, wimbo wa mwisho, "it", ukianza, niliangalia utepe uliobaki kwenye dirisha la kanda. Ukibaki mwembamba kama ukucha, nilishika kitufe cha sauti ya kurekodi na kukishusha taratibu, taratibu, mpaka kimya. Ukisikia utadhani ndivyo walivyoukamilisha wenyewe London. Nilijivunia mkono wangu ule. Fundi wa kanda nyingine anakata ghafla, *tap*, mteja anarudi na malalamiko. Kwangu hakuna aliyerudi, isipokuwa wewe sasa.

Kibaya zaidi, nilijidanganya na mimi. Santuri ile ilipata mkwaruzo, nikawa nasikiliza kanda yangu mwenyewe, ile mama niliyokuwa nanakilia wengine. Miaka ikapita. Mtu akiniuliza, nilisema kama wewe: albamu nzuri, mwisho mbovu. Niliisema kwa sauti kubwa, mbele za watu, kwa ushahidi wa kazi ya mkono wangu. Mpaka mpwa wangu alipokuja na sidii zake mbili kutoka Kampala. Ilikuwa jioni, stima imerudi tu, naosha miguu kwenye beseni. Wimbo wa mwisho ukaanza, nikangoja uzimike pale unapozimika siku zote. Haukuzimika. Ngoma za Collins zikazidi kukimbia, gitaa likapanda juu yake, dakika ya pili, ya tatu, ya nne, na yule kijana Rael, ambaye kwa miaka yote hiyo nilimwacha amelowa ukingoni mwa mto, akawa kila mahali, kwenye kila kitu, wimbo unacheka. Maji ya beseni yalipoa.

Kwa hiyo Gabriel hakuona aibu ya mwisho ule. Aliondoka 1975 baada ya ziara, akiwa amechoka na bendi, na mkewe akiwa amepata uzazi mgumu. Aibu ya mwisho mbovu nabaki nayo mimi. Mnaodai *The Lamb* ni ya mwisho kwenye orodha, na mkanunua kwangu kati ya 1989 na siku niliyouza deki ya pili, kura zenu nimezifuta. Barua kama tano hivi, zote za njia ya Malaba na Busia. Sasa najua kwa nini.

Ningeitoa motoni? Bado *Selling England* iko mbele, kwa ajili ya lile gitaa. Lakini *The Lamb* imepanda kutoka chini mpaka ya pili, na *Duke* ya 1980 imeshuka ya tatu bila kosa lolote.

Ndugu wa Busia, deki moja bado inafanya kazi, kichwa chake nimekipangusa kwa pamba na spiriti juzi. Nitakurekodia upya kwenye C60 mbili, kila upande wa santuri na upande wake wa kanda. Patabaki dakika kadhaa tupu kila mwisho. Zamani nafasi kama hiyo nilikuwa naijaza rumba la Franco ili mteja asione hasara. Safari hii sitaweka kitu. Njoo na ile ya zamani pia. Nataka nisikie kitufe nilikishushia wapi.