Jibu: Spoken word kanisani, vijana watakuja kweli?

Mtumishi, umeuliza kama spoken word, yaani shairi la kusemwa kwa hisia mbele ya watu, inaweza kurudisha vijana ibadani na kama wazee watakubali. Inaweza kabisa, na kwa wazee anzia Zaburi 136, ina mistari 26 na kila mmoja unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele", sasa hapo kijana mmoja asome mwanzo wa mstari kanisa zima liitikie, mzee gani atakataa Zaburi? Halafu hawa wazee wenyewe wamekua na ngonjera za Krismasi za Sunday school, so sio kitu kigeni kihivyo.

Ila vijana waandike wenyewe jamani, msiwape karatasi ya kukariri! Mwacheni aandike kuhusu ajira, mikopo ya kwenye simu, msiba wa nyumbani, mchungaji apitie kabla lakini asimkate makali yote maana wakisikia mahubiri yaleyale yamewekewa vina tu wanarudi kwenye simu zao.

Dakika tatu zinatosha, iwekwe kabla ya neno, sio wakati wa sadaka watu wanapishana, na fundi mitambo apunguze eko maneno yasikike.