BWANA MIFUGO ANAJIBU: Farasi mmoja, mawifi wawili

Wiki hii barua za kuku wasiotaga nimezisogeza pembeni kwanza, wenye kuku mnivumilie, maana zimeingia barua tatu za farasi kwa mpigo na kwa hapa Dar hiyo ni kama kupata siti ya dirishani kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni. Zote tatu ni za watu wanaotumia farasi mmoja. Ya kwanza ndo imenikalia kichwani.

SWALI

Bwana Mifugo shikamoo. Mi ni mdada wa miaka 34 naishi Mbezi Beach. Nina farasi jike anaitwa Karafuu, tulimnunua mwaka juzi mimi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, kila mtu alitoa nusu. Anakaa kwenye banda la kukodi kule Kunduchi, kuna saisi mmoja anahudumia farasi sita. Tulikubaliana kwa mdomo tu, mi Jumanne, Alhamisi na Jumapili, wifi Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, Jumatatu mnyama apumzike. Mwanzoni ilikuwa raha, mapicha tunarusha kwenye grupu la familia mpaka mama mkwe anatuombea dua, sasa hivi hata salamu zetu anazipeleka saisi.

Wifi anapenda mbio. Jumamosi jioni anamtoa ufukweni anamtimua shoti mpaka giza linaingia, akirudi anamrushia saisi hatamu anaingia kwenye gari yake huyo kaondoka. Mi Jumapili asubuhi nikifika namkuta jasho limemkaukia chini ya mkanda wa tumbo, mistari myeupe ya chumvi, nywele zimeshikana kama zimepakwa gundi, nikimgusa mgongoni anaushusha kama paka aliyemwagiwa maji. Na mdomo umekuwa mgumu, nikigusa hatamu kidogo tu anarusha kichwa juu, wakati mi nilifundishwa kutumia vidole sio mabega. Wifi nae analalamika eti nimemdekeza, nampa sukari guru mkononi ndo maana kamng'ata bega. Ni kweli nampa, ila kidogo.

Mwezi uliopita akaumwa tumbo usiku, anachimba chini kwa mguu, anageuka anaangalia ubavu wake, analala anaamka analala anaamka. Daktari kaja saa saba usiku, bili laki nne na nusu, nimelipa yote mimi na sijarudishiwa hata mia. Wifi anasema ni sukari yangu, mi nasema ni mbio zake. Jambo lingine dogo, hori la kulia chakula lilipasuka tangu Aprili, kila mmoja anasema mwenzake ndo anunue jipya, kwaiyo saisi anamwagia pumba chini kwenye mchanga. Mume wangu anasema nisithubutu kumgusa dada yake, ndo aliyemsomesha. Nifanyeje, niuze nusu yangu? Mama Karafuu, Mbezi Beach.

JIBU

Marahaba mwanangu. Umeandika karibu ukurasa mzima wa mbio na sukari, afu hori ukaliita jambo dogo. Mi nilivyofika hapo nikavua miwani nikaifuta nikasoma tena.

Farasi anayelishwa chini kwenye mchanga wa pwani anameza mchanga, hana ujanja. Midomo yake ni hodari kweli, ukimchanganyia kidonge kwenye chakula anakiacha peke yake kimelala pale, lakini pumba zikishachanganyika na mchanga hazichambuliki na mdomo wowote. Ule mchanga ni mzito, unatulia kwenye utumbo, unaongezeka taratibu wiki kwa wiki na kwa nje mnyama anang'aa tu huoni kitu, siku umejaa ndo unaona hayo uliyoyaona saa saba usiku. Na farasi hatapiki, alivyoumbwa haiwezekani, kilichoingia mbele lazima kitafute njia ya kutokea nyuma. Ndo maana tumbo la farasi likishika watu wanakimbia, sio la kusema tusubiri kukuche, na hapo nakupongeza kwamba ulimwita daktari usiku huo huo badala ya kumnywesha vitu. Kuna watu wanamshikilia mnyama kichwa juu wanammiminia mafuta ya kula, yanaingia kwenye mapafu, tumbo linapona anakufa kwa kifua.

Jumapili hii fanya hivi. Chukua chupa kubwa ya maji ya kunywa, ikate shingo, tia mavi mabichi ya Karafuu viganja viwili, ila yachote juu juu usikombe chini maana utachota mchanga wa banda ukamsingizia. Jaza maji, koroga mpaka yavurugike, weka juu ya ukuta ukae robo saa. Majani yatabaki juu, mchanga utashuka. Inua chupa uangalie kitako chake kwenye mwanga. Ukiona tabaka la mchanga, piga picha mtumie daktari, yeye atajua dawa ya kumsafisha tumbo. Usipouona usishangilie, mwingine mchanga umekaa ndani hautoki, rudia siku tatu nne. Sijasema mbio na sukari hazina neno, nasema mmegombana miezi mizima kuhusu mambo ambayo kila mmoja anamwona nayo mwenzake, kumbe lililowaponza huenda ni lile ambalo halina mwenyewe.

Maana nyinyi mligawana siku, farasi hamkumgawana. Ni kama boda ya deiwaka, kila aliyeipata anaivuta mpaka ilie, oili abadilishe nani? Nami nakuuliza, kwato alizichonga nani mara ya mwisho? Zinataka kutazamwa na fundi kila wiki 6 mpaka 8, sio mpaka aanze kuchechemea. Chanjo je? Wifi anarudi ufukweni giza limeingia, na magharibi mpaka alfajiri ndo saa ya visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, hasa kipindi cha mvua, na visubi ndo wanaoleta ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao hauna dawa, farasi wa leo mzima kesho kutwa anatoa povu puani amekwisha. Punda anaupata anapita nao bila shida, pundamilia ndo kabisa, farasi hapana. Nina wasiwasi nikiuliza tarehe ya chanjo kila mmoja atasema nilidhani mwenzangu kalipa.

Haya, twende kwa wifi. Hapo kwenye kurusha hatamu na kuondoka hana cha kujitetea. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko hata damu yake mwenyewe, likikaukia chini ya mkanda afu kesho yake ukafunga tandiko juu yake ni sawa na kuvaa jinzi iliyokaukia maji ya bahari ukatembea nayo mpaka Tegeta. Akitoka shoti atembezwe polepole dakika 10 mpaka 15, amwagiwe maji, maji yakwanguliwe, amwagiwe tena, hasa kwa joto letu hili la Disemba. Na apewe maji ya kunywa, yale maneno ya wazee kwamba farasi mwenye jasho asinywe hayana msingi. Mguseni chini ya taya kuna mshipa, hesabuni mapigo. Farasi aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, yasiposhuka kuelekea huko kazi haijaisha na gari lisiwashwe. Nusu saa ya mwisho ya kila safari ni ya farasi, mpandaji anahesabika bado yupo kazini.

Na mdomo. Lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu, halikai kwenye meno, linakaa kwenye ule uwazi usio na meno, pale ni ngozi nyembamba tu imelala juu ya mfupa. Wewe unamwambia kwa vidole, wifi kwa mabega, kwaiyo siku tatu anaongeleshwa kwa kunong'ona na siku tatu kwa kufokewa, mwishowe anaacha kuwasikiliza wote. Kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 dunia nzima iliona kitu cha namna hii. Kwenye pentathloni ya kisasa, yale mashindano ya michezo mitano na kuruka viunzi kwa farasi ukiwa mmojawapo, mchezaji alikuwa anapewa farasi asiyemjua, kwa kura, dakika 20 za kuzoeana basi. Farasi mmoja, Saint Boy, alipandwa kwanza na mwanamke wa timu ya Urusi akagoma kuruka viunzi, afu akapandwa na Annika Schleu wa Ujerumani aliyekuwa anaongoza mashindano yote, akagoma tena, yule dada akalia juu ya tandiko watu wanaangalia, akamaliza wa 31. Kelele zilizofuata zilichangia farasi kuondolewa kabisa kwenye mchezo huo baada ya Paris 2024. Yule farasi alikuwa ameshachanganywa kabla ya mtu wa pili hajaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, sasa wako anachanganywa wiki hadi wiki.

Ila kwenye sukari guru nimesimama na wifi yako, usininunie. Farasi akishajifunza kwamba mkono wa binadamu unatoa utamu atautafuta huo utamu, na mkono ukija mtupu anauma. Karafuu hana ubaya na wifi, alikuwa anadai. Ukitaka kumpa kitu weka karoti kwenye ndoo, baada ya kazi, mkono wako uwe wa kumbrashi tu.

Sasa namna ya kuongea nae, maana najua hapo ndo umekwama. Usipitie kwa mume wako, mwanaume ukimweka katikati ya mkewe na dada aliyemsomesha atakuwa bubu. Nunua hori kesho, usidai nusu yake, lifungwe usawa wa kifua cha farasi afu chini yake tandika mpira ili yatakayodondoka asiyaokote na mchanga. Ukishapata ile chupa mpigie wifi, sio kumwandikia, sio voisi ya dakika nne, mpigie. Mwambie tu, "Wifi, nimempima Karafuu nimeona mchanga tumboni, naomba uje Jumapili asubuhi tuangalie wote." Mwache aishike chupa mwenyewe. Bili ya daktari usiitaje siku hiyo. Itaje wiki inayofuata mkikaa kupanga kibubu cha farasi, kila mwezi kila mtu anaweka kiasi mtakachokubaliana, na cha kwanza kutoka humo ni laki mbili na ishirini na tano zako.

Afu mfunge daftari bandani, la shule la kawaida, lenye kalamu imefungwa kwa kamba maana kalamu bandani hazikai. Kila aliyepanda anaandika saa aliyotoka na aliyorudi, kazi aliyofanya, kama kaacha chakula, kama mavi ni ya kawaida. Saisi nae aandike, tena yeye ndo wa kwanza, yule kijana ana mabosi wawili wanaomwambia mambo mawili na ndo anayemwona mnyama asubuhi na usiku, muulizeni.

Kuuza nusu? Nusu ya farasi mwenye kesi nani atainunua, mwanangu. Jaribu hayo mpaka mwezi wa tatu, ikishindikana mmoja amnunue mwenzake mzima mzima.

SWALI

Bwana Mifugo mambo vipi. Mi na mshkaji wangu tuna farasi wa kupandisha watoto beach wikiendi, anashika yeye asubuhi mpaka saa nane, mi nachukua mpaka usiku. Kila akinipa farasi keshachoka, anasimama tu wateja wanacheka, hesabu yangu inakuwa ndogo. Afu juzi kaja jamaa kibonge kama kilo mia na ishirini anataka apande yeye, ana hela yake, nikamkatalia tukagombana. Nilikosea? Deo, Kigamboni.

JIBU

Poa Deo. Hukukosea hata kidogo. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba farasi abebe isizidi asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Wa kwako kama ana kilo 400 hiyo ni 80, toa tandiko kilo kumi hivi, inabaki 70. Yule bwana angepiga picha amesimama pembeni ulipwe hela ya picha.

Kuhusu kuchoka, nyie mnapokezana, yeye anapokezana na nani? Asubuhi mpaka usiku kwenye mchanga mlaini unaozama ni kazi ya misuli na kano kuliko barabara ya lami. Saa sita mpaka saa tisa avuliwe kila kitu akae kivulini ale nyasi na anywe, farasi kwa siku anaweza kumaliza lita 40 na zaidi kwa joto hili na maji ya bahari sio maji. Hesabu iwekwe pamoja mgawane jioni, hapo hakuna atakayemkamua wa mwenzake. Na asiposogea usimpige mbele za watoto, hao ndo wateja wako wa mwaka kesho.

SWALI

Samahani, farasi anaweza kupandwa na watu wawili kwa wakati mmoja kama pikipiki? Nataka kuingia nae ukumbini siku ya harusi yangu na bibi harusi nyuma. Bwana Harusi Mtarajiwa, Tabata.

JIBU

Hongera. Mishikaki hapana, yule wa nyuma anakaa juu ya kiuno ambacho hakina tandiko, na ukiongeza shela inayopepea, ngoma za mdundiko na vigelegele farasi asiyezoea anaondoka na nyote wawili. Mpandishe bibi harusi peke yake, wewe shika kamba tembea mbele na saisi, na wapigaji ngoma waanze kumzoesha wiki mbili kabla.